Kutafuta nkambo mu ukurasa wa intaneti



Wengi wanatuuliza sisi wa mwaka wa mwisho: mu orodha ya minervali, kile kifungo cha "Amelipa" kinajuaje ni nani amelipa? Ulizo ni nzuri. Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali hayalipiwi mu Kongo yetu, lakini ku sekondari wazazi wangali wanalipa. Alama ikikaa pahali pabaya, mutoto anarudishwa nyumbani na huku feza ya tata yake imekwisha kufika.

Ukurasa ni masanduku ndani ya masanduku. Kifungo iko ndani ya chumba kidogo, chumba iko ndani ya mustari wa mwanafunzi, mustari iko ndani ya orodha ya kalasi nzima. Sanduku inayobeba ingine tunaiita tata. Inayobeba tata ni nkambo. Na kila sanduku inaweza kupewa klasi, moja ao nyingi. Hii si kalasi tunamoikaa! Ni kama kitambaa kinachoshonwa ku shati ili kusema huyu ni wa wapi.

Wenye haraka wanahesabu hatua. Wanaandika kifungo.parentElement.parentElement, maana yake tata wa tata, na kweli wanafika ku mustari. Lakini kesho mutu anazungusha sanduku ya rangi kando ya kifungo, kwa urembo tu. Sasa hatua mbili zinafika ku chumba, mustari haupati alama, na mwanafunzi anabaki mdeni. Na mutu akiondoa chumba? Hatua mbili zinafika ku orodha, kalasi yote imelipa siku moja. Mweka-feza atalia.

Njia bora ni kuuliza jina, si kuhesabu:

let mustari = kifungo.closest(".mwanafunzi");

Ile nukta mbele ya jina inasema "hii ni klasi". JavaScript inapanda sanduku kwa sanduku mpaka ya kwanza yenye kitambaa kile, inasimama.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu Kolwezi. Uliza rafiki: mu ukoo wako, kutoka wewe kupanda juu, nani wa karibu amefanya kazi ku Gécamines? Kama tata alifanya, jibu ni tata, hata kama nkambo naye alifanya, hata kama nkambo wa nkambo alikuwa wa Union Minière, iliyoanza 1906. Mujomba hahesabiwi: iko kando, haiko juu. Na closest ni vile vile, haiangalie kando, haishuke chini.

Mambo mawili yanadanganya watu. Kwanza, inaanzia ku sanduku yenyewe. Kama kifungo nacho kina klasi "mwanafunzi", itarudisha kifungo. Pili, isipopata kitu hata mpaka juu kabisa, inarudisha null, na ukitia alama ku null programu inasimama palepale. Basi uliza kwanza:

if (mustari) mustari.classList.add("amelipa");

Anayetaka nkambo wote, si wa karibu tu, apande na while mpaka parentElement irudishe null.

Faida kubwa sisi tunaiona hapa: kalasi ya wanafunzi 60 haihitaji masikio 60 ya kusikiliza vifungo. Sikio moja ku orodha inatosha. Mutu akigusa picha ndogo iliyo ndani ya kifungo, event.target ni ile picha. Closest inapanda toka ku picha mpaka ku mustari wa mwenyewe.

JavaScript ilitungwa na Brendan Eich mu 1995, lakini kwa miaka mingi haikuwa na neno hili. Watu walilipata mu jQuery, tangu 2009. Chrome na Firefox zikaliweka zenyewe mu 2015. Internet Explorer haikulijua hata siku moja, na Microsoft iliiacha mu 2022.

Kujaribu hakuombi intaneti: andika ukurasa, uuweke mu ordinateri, uufungue na navigateri. Na umeme ukikatika, chora masanduku ku karatasi, weka kidole ku kifungo, upande nacho ukisoma vitambaa.