Jinsi Mto Unavyopigiwa Hesabu

Mkulima, huko Kanada kuna mto uitwao Mackenzie, utiririkao kwenda kaskazini hata kwenye bahari ya barafu. Nchi inayouletea maji ni kadiri ya mara tatu ya Kenya. Joto la dunia linazidi, na wataalamu wanataka kujua mto utakuwaje.

Kazi yao si uganga. Huigawanya nchi hiyo katika vipande vya mraba, na kila kipande hufunguliwa hesabu kama daftari la duka. Yanayoingia ni mvua na theluji, ile nyeupe uionayo juu ya Mlima Kenya. Yanayotoka ni mvuke upandao na maji yateremkayo mtoni. Yaliyobaki hukaa udongoni, au hulala kama theluji mpaka mwezi wa Mei, ndipo huyeyuka na mto hufurika. Kompyuta hujumlisha yote. Kwanza hujaribiwa kwa miaka iliyopita. Jibu lisipolingana na maji yaliyopimwa, hesabu hutengenezwa tena. (Basi usiache kuandika kipimo chako cha mvua kila siku saa tatu asubuhi.) Kisha hutiwa joto la miaka ijayo.

Hesabu nyingi zaonyesha kwamba mafuriko yatakuja mapema, na maji ya majira ya baridi yataongezeka. Juu ya kiangazi hazipatani, maana joto huleta mvua na pia hukausha. Wakaao kandokando wanangojea jibu hilo hasa: kiangazi cha 2024 maji yalipungua hata matishari ya mizigo yakashindwa kufika mji wa Norman Wells, na vitu vikaletwa kwa ndege, kwa bei kubwa.