Gari ni Vipuri

Wahenga walinena: kizuri chajiuza. Lakini Peugeot 504, iliyoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1975 na 1978, leo ni nadra kuonekana hapa Kashai. Toyota ndizo zilizoenea. Ubora pekee hautoshi. Biashara ilipolegezwa masharti tangu miaka ya 1980, magari yaliyokwisha tumika Japani, yenye usukani wa kulia kama yetu, yaliingia kwa wingi. Vipuri vikafuata, mafundi wakayazoea. Mvuvi wa Bumbire hanunui mashine ya mtumbwi kabla ya kuuliza kipuri chake hupatikana wapi. Ndugu viongozi, nasi tuulize hivyo tuagizapo magari ya umma, hasa ya wagonjwa. Gari lililolala halimfikishi mgonjwa hospitali.