Panya Hapulizi: Kweli na Uongo Kuhusu Panya wa Kufugwa

Mengi tunayoyasikia kuhusu panya yanatoka kwa watu wanaomtegea sumu. Wana sababu zao: panya huharibu mahindi ghalani, hutafuna nyaya na hutoboa magunia. Lakini mzazi ambaye mwanawe anaomba panya mweupe, au kijana ambaye tayari anao wawili chumbani, anahitaji maarifa ya namna nyingine. Panya wengi wa kufugwa huteseka kwa sababu wenye nyumba wanaendelea kuamini yale yale yaliyosemwa kuhusu panya wa ghalani.

“Panya mweupe ni yule yule wa darini, rangi tu ndiyo tofauti.”

Si kweli. Anayekimbia juu ya dari usiku mara nyingi ni panya mweusi, Rattus rattus, hodari wa kupanda. Panya wa kufugwa, awe mweupe, wa kijivu au wa mabaka, ametokana na panya wa kahawia, Rattus norvegicus. Hizi ni spishi mbili tofauti. Katika London ya karne ya 19, Jack Black, mkamata panya aliyejitangaza kuwa wa Malkia Victoria, aliwatenga panya wenye rangi zisizo za kawaida, akawazalisha na kuwauza. Mwaka 1901, kwa juhudi za Mary Douglas, panya walishindanishwa katika maonyesho ya wanyama wadogo mjini Aylesbury. Maabara nazo zikazalisha weupe wao: ukoo wa Wistar ulianzia Philadelphia mwaka 1906. Upole wa panya huyu umejengwa kwa vizazi vingi vya kuishi mikononi mwa watu. Kumtoa kinda wa porini au wa darini shimoni ukitumaini atakuwa hivyo ni kumtesa, na wewe unajitia hatarini.

“Panya huuma na kupuliza.”

Kuuma, kweli. Kupuliza, si kweli, ingawa imani hii imekita mizizi kiasi cha kutupatia msemo wa kumsema mnafiki. Pumzi ya panya haina ganzi. Mtu huamka asubuhi akakuta kisigino kimetafunwa kwa sababu ngozi ya kisigino ni nene, usingizi ulikuwa mzito, au mguu wenyewe umekufa ganzi kwa maradhi. Ukoma hufanya hivyo, na kisukari pia, kwa kuharibu mishipa ya fahamu. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika kuhusu wagonjwa wa kisukari waliong’atwa miguu na panya usiku. Kwa hiyo mtu aliyetafunwa bila kuamka asiishie kushangaa ujanja wa panya. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, aende hospitali, na huko aombe kupimwa sukari. Naisisitiza hoja hii kwa kuwa imani ya kupuliza inaweza kumfanya mtu apuuze dalili ya ugonjwa unaokata miguu.

Panya wa kufugwa, kwa upande wake, huuma akishtushwa, akiwa na maumivu, au kidole chenye harufu ya chakula kinapopenyezwa kwenye waya za tundu. Ukimzoesha kulishwa kupitia waya, kila kidole kinachoingia humo atakichukulia kuwa chakula. Fungua mlango, mpe chakula kwenye kiganja.

“Panya wote wana tauni.” Na upande wa pili, “Panya wa dukani hana ugonjwa wowote.”

Zote mbili si kweli. Tauni husambazwa hasa na viroboto wa panya wa porini na wa majumbani. Watu wa Lushoto, walioishi na milipuko yake kwa miaka mingi tangu 1980, wanaifahamu vizuri. Panya aliyezaliwa tunduni asiye na viroboto hana njia rahisi ya kuipata. Lakini hata aliye safi kwa macho anaweza kubeba bakteria wa homa itokanayo na kung’atwa na panya. Mwaka 2017 virusi vya Seoul viliwaambukiza watu nchini Marekani kupitia panya waliozalishwa majumbani. Leptospirosisi, iliyosikika sana kwa jina la homa ya mgunda wakati wa mlipuko wa Lindi mwaka 2022, hupita kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Ndiyo maana tundu liwekwe mahali ambapo panya wa nje hawafiki, chakula kilichobaki kisilale wazi, na mikono ioshwe kila baada ya kumshika. Asibusiwe, na watoto wadogo wasiachwe naye peke yao.

“Anatoka damu machoni, anakufa.”

Si damu. Nyuma ya jicho la panya kuna tezi inayotoa ute wenye rangi nyekundu. Kidogo wakati wa kuamka si neno. Ukizidi, ukaganda machoni na puani, panya anaumwa au ana mfadhaiko. Mara nyingi tatizo liko kifuani, kwani panya wengi wa kufugwa hubeba bakteria aitwaye Mycoplasma pulmonis, na harufu kali ya mkojo kwenye tundu lisilosafishwa humwamsha. Maranda ya mbao za paina yanayonukia utomvu nayo hukera mapafu. Karatasi nyeupe iliyochanwa inafaa zaidi kutandikwa tunduni.

“Mmoja anatosha, ukiwa unamjali.”

Si kweli, na hili ndilo kosa linaloniumiza kuliko yote. Panya ni mnyama wa jamii. Hulala wakiwa wamelaliana, husafishana manyoya, hucheza mieleka. Jaak Panksepp, mtafiti aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kwamba panya wanaotekenywa hutoa milio ya furaha ya takriban kilohezi 50, juu mno kwa sikio la binadamu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliona panya wakijifunza kufungua kizuizi ili kumtoa mwenzao aliyefungiwa, na hata walipowekewa chokoleti kando, mara nyingi walimtoa mwenzao na wakala pamoja. Mnyama wa namna hii, ukimweka peke yake siku nzima huku uko kazini, saa moja ya kubembelezwa jioni haimfidii.

Fuga wawili au zaidi, wa jinsia moja. Jike na dume ni matatizo: hupevuka wakiwa na wiki tano au sita, mimba huchukua siku 21 hadi 23, makinda wanaweza kupita kumi, na jike anaweza kushika mimba tena ndani ya siku moja baada ya kuzaa.

“Panya anakula chochote.”

Kweli kwamba atajaribu. Lakini panya hawezi kutapika, basi kibaya kikishaingia hakirudi. Maharagwe makavu yasiyopikwa na viazi vilivyogeuka kijani ni hatari kwake. Ganda la chungwa lisitolewe kwa madume, maana kemikali iliyomo hudhuru figo zao. Mpe nafaka mchanganyiko, mboga za majani, dagaa kidogo wasio na chumvi, yai la kuchemsha mara mojamoja, na maji safi wakati wote. Karanga ziwe zawadi tu, hunenepesha. Meno yake ya mbele hukua maisha yote, kwa hiyo awe na kijiti cha kutafuna. Meno hayo yakiwa na rangi ya njano ya kukolea, ni ya afya.

“Mshike mkia.” Hapana, hata mara moja. Ngozi ya mkia huweza kuchomoka ikaacha nyama wazi. Tena mkia ndio unaomsaidia kupoza mwili, kwa sababu hahemi kama mbwa na hatoki jasho mwilini kama sisi. Joto likizidi nyuzi 30, kama Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, weka tundu kivulini penye hewa, na umpe kigae cha sakafu kilichopoozwa akilalie.

“Panya buku wa Morogoro wanafugika, basi nami nitamkamata wangu.”

Nusu kweli. Panya buku wa APOPO, shirika lililo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanagundua mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na ni wapole kwelikweli. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la tiba ya wanyama, mwaka 2020. Lakini panya hao huzalishwa kituoni, huzoeshwa watu tangu wakiwa wachanga, na hukaguliwa afya na wataalamu. Wale wa porini ni jambo jingine. Mwaka 2003 panya buku na wanyama wengine walioingizwa Marekani kutoka Ghana waliwaambukiza virusi vya mpox mbwa-nyika (prairie dog, aina ya wagugunaji) waliokuwa wakiuzwa kama wanyama wa kufugwa, na hao wakaambukiza watu.

“Ukimnunulia mtoto, watakua pamoja.”

Si kweli. Panya wa kufugwa huishi miaka miwili hadi mitatu tu, na majike hupata uvimbe wa matiti mara kwa mara. Mtoto aelezwe hilo kabla panya hajaletwa nyumbani. Mzazi naye atafute mapema daktari wa mifugo aliye tayari kumtibu panya, kwa sababu panya aliyeanza kupumua kwa shida hawezi kusubiri wiki nzima.