Hongo, Chai na Mahari: Maneno Yanayomkabili Askari Kijana wa Mwanza

Maneno hongo na rushwa hutumika leo kwa maana moja, walakini hayakuzaliwa pamoja. Rushwa ni neno la asili ya Kiarabu, na tangu huko ni jina la mali itolewayo ili haki ipindwe. Hongo lilikuwa neno la njia za misafara. Katika karne ya 19 msafara uliotoka pwani kwenda Unyamwezi ulimlipa hongo mtawala wa nchi iliyopitwa: nguo, shanga au nyaya za shaba. Mashauri yake yalifanywa mbele ya watu, pengine kwa siku kadhaa. Wasafiri wa Kizungu, akiwamo Speke aliyefika kwenye ziwa upande wa Mwanza mwaka 1858, waliijua desturi hiyo. Ulikuwa ushuru wa wazi. Baadaye neno lilibaki, uwazi ukatoweka.

Maneno mengine ya rushwa yametwaliwa katika lugha ya ukarimu. Mtu haambiwi apokee rushwa. Huambiwa achukue chai, au kitu kidogo, au asante. Hata takrima, neno la kumheshimu mgeni, liliingizwa katika sheria ya uchaguzi ya Tanzania mwaka 2000, mpaka Mahakama Kuu ilipoyabatilisha masharti hayo mwaka 2006.

Askari kijana anayeanza kazi kandokando ya ziwa huikuta lugha hii mapema. Huisikia katika mialo ya wavuvi, mahali ambapo mwenye kokoro, wavu uliokatazwa, hutaka asionekane. Huisikia pia barabarani. Akikataa, aghalabu hasifiwi kwa uadilifu, bali huhesabiwa kuwa hana adabu, kwa maana kukataa chai ya mtu ni kumvunjia heshima. Ahadi za mwanachama wa TANU ziliitaja rushwa kuwa adui wa haki. Sheria ya Kuzuia Rushwa ilitungwa mwaka 1971, na nyingine ikachukua nafasi yake mwaka 2007. Sheria humwonyesha lililo kosa. Haimfundishi namna ya kulikataa kwa adabu.

Mashaka huzidi akiwa na mchumba. Matangazo ya ajira ya Polisi kwa kawaida humtaka mwombaji awe hajaoa, basi uchumba wake hukua pamoja na kazi. Usukumani mahari kwa desturi huhesabiwa kwa ng'ombe, na mshahara wa askari mpya haukusanyi ng'ombe upesi. Wakwe huuliza mbona wenziwe wameoa na kujenga. Binti mwenyewe, ajapokuwa anampenda, huweza kuona kwamba kila chai inayokataliwa ni yeye anayekataliwa. Ni kweli kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuyafanya mahari kuwa sharti la uhalali wa ndoa, lakini heshima ya ukoo haipimwi kwa vifungu.

Hata hivyo kipimo kimo katika desturi ile ile. Mahari na rushwa zote ni mali ipitayo mkono kwa mkono. Tofauti imo katika namna ya kupita. Ng'ombe wa mahari huletwa mchana, huhesabiwa, aliyekonda hukataliwa, na mashahidi wa pande mbili huikumbuka idadi, hata ndoa ikivunjika marejesho yajulikane. Chai ya mwaloni haina shahidi wala hesabu. Askari aelezaye hivyo hana haja ya kuwasomea wakwe sheria. Yatosha kuwauliza kama ng'ombe walionunuliwa kwa fedha isiyoweza kutajwa wataweza kutajwa asili yao mbele ya wazee. Mchumba akilielewa swali hilo, atajua kwamba anayekataliwa si yeye.

Kwa kipimo hicho, hongo ya misafara ilikuwa karibu zaidi na mahari kuliko na hongo ya leo.