Kukodi Nafasi Mapema au Kuhamahama

Mfanyabiashara wa mahindi pale Busia hahitaji kufundishwa hesabu hii. Akikodi stoo ya magunia kumi kisha ukaja mzigo wa ishirini, itabidi atafute stoo kubwa zaidi, awalipe wapagazi kuhamisha yale kumi ya kwanza, ndipo apange yaliyobaki. Anayekodi stoo ya magunia mia tangu mwanzo hahamishi kitu, ila mzigo usipofika atalipia sakafu tupu.

Vijana wanaowaandikia programu mawakala wa forodha, Busia na Malaba, wanakutana na gharama hiyo hiyo ndani ya kompyuta. Orodha ya malori hupangwa kwenye kumbukumbu bega kwa bega, bila pengo. Ikijaa, programu hukodi eneo jipya na kunakili kila rekodi.

Tuseme malori ni 1,000. Vekta ya C++, yaani orodha ya namna hii, ikitengenezwa kwa GCC hukua maradufu: 1, 2, 4, mpaka 1,024. Eneo limekodiwa mara 11, na rekodi 1,023 zimenakiliwa njiani. Ile ya Microsoft huongeza nusu tu, kwa hiyo hukodi mara 18, lakini haishiki nafasi nyingi ovyo: malori yakifika 1,100, GCC imeshika nafasi 2,048 na Microsoft 1,599. Ukianza kwa kuita reserve(1000), malori yale 1,000 yanakaa katika eneo moja na hakuna kinachonakiliwa. Juu ya hayo unapata dhamana ya maandishi: mpaka idadi uliyoomba ipitwe, hakuna rekodi itakayohamishwa, hata ukiongeza nyingine mwishoni. Aliyeshika anwani ya lori la tatu ataendelea kulikuta pale pale.

Hasara kubwa inampata anayebana matumizi. Kanuni rasmi ya C++ inasema nafasi iwe angalau ile uliyoomba, basi. Haisemi ikuzwe kwa mwendo gani. GCC inakupa kiasi kile kile ulichotaja. Ukiomba nafasi moja zaidi kila lori linapoingia, utakodi mara 1,000 na kunakili rekodi 499,500. Nimeona msimbo wa namna hii umeandikwa kwa nia njema kabisa, na ukiujaribu kwa malori kumi hauonyeshi dalili yoyote.

Hapo ndipo ninapowapa watunzi wa lugha ya Rust alama. Wameyatenga mambo mawili kwa majina mawili: reserve, inayoruhusiwa kukupa ziada ili usirudi kukodi kila mara, na reserve_exact, isiyokuongezea kwa makusudi. Tahadhari kwa anayetoka C++: namba unayoiandika Rust ni ya nafasi za kuongeza juu ya rekodi zilizopo, wakati C++ huhesabu jumla. Ukinakili mstari ule ule kutoka huku kwenda kule, unaweza kukodi karibu mara mbili ya mahitaji yako.

ArrayList ya Java, katika OpenJDK, inamsamehe huyo anayebana matumizi: ukiomba nafasi moja na haipo, inakua kwa nusu. HashMap haina huruma hiyo. Ukiiundia nafasi 1,000 kwa namba za malori, inatenga vyumba 1,024 lakini inapanuka ikishapita robo tatu yake, yaani rekodi 768. Tangu Java 19 kuna newHashMap, inayopokea idadi ya rekodi zenyewe na kukupigia hesabu hiyo.

Uchaguzi wangu unategemea unachokijua. Mabehewa ya treni inayokuja Malaba yana orodha kabla hayajafika. Hapo omba nafasi yote mara moja. Foleni ya barabarani haitabiriki. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, ilinyooka kilomita nyingi nje ya mji. Kwa foleni ya aina hiyo, iache vekta ikue yenyewe, wala usiishike mkono kwa kila lori.

Kurudisha nafasi ni jambo jingine. Malori yakishavuka jioni, kuita reserve(0) kwenye vekta ya C++ hakupunguzi hata nafasi moja. Ipo shrink_to_fit, lakini hiyo ni ombi, na kanuni inairuhusu maktaba kulikataa.