Ijumaa Jioni, Kutoka Mukendo Hadi Nabugoye

Ijumaa jua likielekea ziwani, nyumba za Wasabato wa Mukendo hapa Musoma unazitambua bila kuuliza. Nguo za kesho zimepigwa pasi, maji yamechotwa, chakula cha Jumamosi kiko tayari, na mama muuza dagaa anafunika meza yake hata kama wateja bado wapo. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja familia inakaa pamoja, wimbo unaanzishwa, sala inafuata, na Sabato imefunguliwa. Wasabato ni Wakristo na hawadai kuwa Wayahudi. Hata hivyo, anayetaka kuielewa Kabala, elimu ya siri za Mungu katika dini ya Kiyahudi, mimi ningemwanzishia kwenye jioni kama hii.

Nasema hivyo kwa sababu hamu ya Kabala imeenea sana duniani, na wengi huifikia kupitia uzi mwekundu wa mkononi, hesabu za majina na ahadi za bahati. Mwimbaji Madonna alipojiunga na wanaoisoma, uzi ule ukawa pambo la watu maarufu. Siwalaumu wenye kiu ya kumjua Mungu. Nasikitika tu kwamba wanaonyeshwa uzi na hawaonyeshwi watu wanaoishi na elimu hiyo.

Kitabu kikuu cha Kabala, Zohar, kilitokea Hispania mwishoni mwa karne ya 13. Wayahudi walipofukuzwa huko mwaka 1492, baadhi yao walifika Safed, mji wa milimani Galilaya. Wanazuoni wake walifundisha kwamba uwepo wa Mungu duniani, waliouita Shekhina, uko uhamishoni pamoja na watu wake, na kila Sabato hurudi kama bibi harusi anayekwenda kwa mumewe. Kwa hiyo Ijumaa alasiri walitoka kwenda mashambani kumlaki kwa Zaburi. Shlomo Alkabetz, mmoja wao, akatunga Lekha Dodi, wimbo wa kumkaribisha. Leo masinagogi mengi duniani huuimba, na ubeti wa mwisho ukifika watu wote hugeuka kuelekea mlangoni na kuinama.

Hugeuka hivyo pia ng'ambo ya ziwa letu, kwa Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Jamii hiyo haikuanzishwa na Myahudi yeyote kutoka nje. Mwanzilishi ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza, kisha akakosana nao. Alisoma Biblia kwa makini, akaona torati ifuatwe kama ilivyoandikwa, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Alifariki mwaka 1928, bila kuwa mtu wa Kabala. Sala ya Safed iliwafikia watu wake baadaye, pamoja na vitabu na wageni, nao wakaipokea kwa sauti zao: Zaburi kwa Kiganda, gitaa, ngoma na viitikio vya Afrika. Nyimbo zao zilitolewa katika albamu mwaka 2003.

Wameilipia ibada hiyo. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, wengi wakabadili dini, na waliobaki wakawa wanasali kwa kificho mpaka utawala wake ulipoanguka mwaka 1979. Vijana wa kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale, ndio walioifufua jamii. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alipata urabi Marekani mwaka 2008, akarudi nyumbani kufundisha.

Kutoka Mukendo njia ni Sirari, Kisumu, Busia, Tororo, kisha Mbale. Mwenye hamu ya Kabala apange afike Nabugoye Ijumaa mchana, kwa kuwa jua likishazama wenyeji wake hawapiki wala hawasafiri, na wimbo wa bibi harusi huanza kwa wakati wake.