KINGEREZA: «KU» MOJA, NJIA MBILI

Kijana wa Nyamitaba, wewe unayejifunza Kingereza, shika jambo hili. Kwa Kiswahili neno ni moja tu: kuchimba. Unasema «Nataka kuchimba», tena «Kuchimba ni kazi ngumu». Kinyarwanda nacho ni vile vile: gucukura. Lakini Muingereza iko na namna mbili: «to dig» na «digging». Utachagua namna gani?

Kwanza, angalia neno linalotangulia. Nyuma ya «want», «hope», «decide», «promise» na «refuse», weka «to». Nyuma ya «enjoy», «finish» na «avoid», weka «-ing». Na nyuma ya «before» au «without» pia: «before entering», mbele ya kuingia.

Pili, angalia maana. «Stop digging» ni: acha kuchimba. «Stop to dig» ni: simama upate kuchimba. Mbele ya shimo linalopasuka, kosa hilo si dogo! Kifaransa kitakusaidia: «arrêter de creuser» si «s'arrêter pour creuser».

Watu wengi wa Masisi wamekimbilia Uganda, kama kule Nakivale, na huko karatasi za biro ni za Kingereza. «I remember signing»: nakumbuka nilisha kutia sahihi. «I must remember to sign»: bado, nisisahau kutia.

Basi, usishike kitenzi peke yake. Kiandike kwenye kaye pamoja na mwenzake, «want to», «finish -ing», na mkiulizane nyumbani jioni, kaka na dada.